Kurejeshana Wahalifu: Tusipime kwa Mizani ya Wakoloni

Ifakara haipakani na nchi yoyote ya kigeni. Mkazi wa bonde la Kilombero akitaka kuiona bendera ya taifa jingine, hana budi kusafiri mamia ya kilomita, iwe ameelekea Tunduma au ameelekea mto Ruvuma. Kwa hiyo wengi wa bondeni hudhani kwamba habari za mataifa kudaiana na kurejeshana wahalifu ni za mabalozi na za watu wa mwambao. Nao ndugu zetu wa Visiwani, ambao wazee wao walilishuhudia jambo hilo likitendeka mbele ya macho yao, aghalabu hulihesabu kuwa ni kisa cha wafalme wa zamani kilichokwisha pamoja nao. Twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na leo twaomba ruhusa ya wasomaji tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo.

Tuanze na Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la mfalme siku ile ile na kujitangaza kuwa ndiye mrithi. Waingereza, ambao tangu mkataba wao na Wajerumani wa mwaka 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar kuwa nchi chini ya ulinzi wao, hawakumtaka. Walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Muhammed. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga, na kabla ya saa nzima kupita vita vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Vitabu vya Ulaya hupenda kuviita vita hivyo vifupi kuliko vyote duniani, na huviandika kama jambo la kuchekesha. Kwa waliozika maiti za siku ile havikuwa vifupi hata kidogo.

Khalid na wafuasi wake wapatao arobaini wakakimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakamdai. Askari wa Serikali ya Zanzibar, iliyokuwa ikiongozwa na Sir Lloyd Mathews, wakawekwa nje wakimsubiri atoke. Lakini balozi mdogo wa Kijerumani akajibu kwamba hawezi kumtoa, kwa kuwa mkataba wa kurejeshana wahalifu uliopo kati ya mataifa yao mawili hauwahusu watu wenye makosa ya kisiasa. Mkataba wenyewe ulikuwa umetiwa saini mwaka 1872, wakati ambapo hakuna hata mmoja wa waliotia saini aliyemfikiria Sultani wa Zanzibar. Mambo yakakaa hivyo kwa zaidi ya mwezi mzima. Tarehe 2 Oktoba 1896 manowari ya Kijerumani iitwayo Seeadler ikafika bandarini. Maji yalipojaa, mashua yake ikaletwa hadi kwenye mlango wa bustani ya ubalozi, na Khalid akavuka kutoka bustanini kuingia mashuani bila ya unyayo wake kugusa ardhi ya Zanzibar. Waliokuwa wakimvizia barabarani hawakuwa na la kufanya. Akapelekwa Dar es Salaam.

Twawaomba wasomaji wautazame vizuri mlango huo wa bustani. Hatua moja tu ilitenganisha kufungwa na kuwa huru, na hatua hiyo haikupimwa na kadhi wala hakimu. Ilipimwa na maji ya bahari kujaa, na kwa hesabu za mataifa mawili yaliyokuwa yakioneana wivu.

Wala Khalid hakuwa wa kwanza. Miezi michache kabla yake, Aprili 1896, Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa amewapiga Waingereza katika pwani ya Mombasa hata wakalazimika kuleta askari kutoka Bara Hindi, alivuka mpaka akaingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani pamoja na wafuasi wake wengi. Gavana Wissmann akampokea. Akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Na mwaka uliofuata kisa cha Khalid, Julai 1897, Kabaka Mwanga wa Buganda aliasi utawala wa Waingereza, akashindwa katika Buddu, akakimbilia upande wa Wajerumani kusini ya mpaka. Wajerumani wakamweka kizuizini Mwanza, lakini hawakumkabidhi kwa Waingereza. Mwanga mwenyewe ndiye aliyetoroka akarudi kupigana, hadi alipokamatwa mwaka 1899 pamoja na Mukama Kabalega wa Bunyoro na kupelekwa Shelisheli, ambako alikufa mwaka 1903.

Watawala watatu, katika muda usiotimia mwaka mmoja na nusu, wote wakikimbia upande mmoja na kupokewa upande wa pili. Mtu asiyejua angedhani kwamba Serikali ya Kijerumani ya siku zile ilikuwa na huruma kubwa kwa Mwafrika na Mwarabu anayeonewa. La hasha. Hiyo ni Serikali ile ile ambayo mwaka 1898 ilikuwa ikimwinda Mkwawa wa Uhehe katika misitu, huku ikitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Mtawala aliyepigana na Mwingereza alikuwa mgeni wa kisiasa mwenye haki zake. Mtawala aliyepigana na Mjerumani alikuwa mnyama wa kuwindwa. Khalid aliyehifadhiwa alikuwa pia karata mkononi: nani ajuaye lini Mjerumani angehitaji kumtishia Mwingereza kwa mtu mwenye dai la kiti cha enzi Unguja?

Hapa ndipo twafika bondeni. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipowaka kuanzia Umatumbi, moto ulivuka upesi hadi Upogoro na Umbunga. Tarehe 30 Agosti mwaka huo maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, juu ya milima inayolitazama bonde la Kilombero, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Bonde lenyewe lilikuwa limegawanyika. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alikuwa ameshikamana na Wajerumani tangu siku za ugomvi wake na Wahehe, na alikufa katika vita hivyo akiwa upande wao. Hatusemi hayo ili kumlaani. Mtu aliyebanwa kati ya Mkwawa na Mjerumani hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua, nasi tuliokaa kivulini leo tusijifanye tungechagua vizuri zaidi.

Waliosalia upande wa pili walikimbilia wapi? Hapakuwa na ubalozi mdogo Ifakara. Hapakuwa na bustani yenye mlango wa kutokea baharini, wala manowari ya taifa jingine iliyosubiri maji kujaa. Kulikuwa na mto, mabwawa na misitu, na nyuma yao kulikuwa na njaa, kwa maana jeshi la Kijerumani lilichoma vyakula na mashamba kwa makusudi. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa katika vita hivyo nchi nzima, kwa risasi na zaidi kwa njaa, walikuwa kati ya 75,000 na 300,000. Hakuna mkataba wa mwaka 1872 wala wa mwaka wowote uliowataja watu hao. Mbele ya sheria ya mataifa hawakuwapo: hawakuvuka mpaka, basi hawakuwa wakimbizi, waliasi dola ambayo hawakuichagua, basi walikuwa wahalifu tu, na mnyongaji aliwangojea. Mwezi wa Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa Songea.

Wachache waliokuwa karibu na mpaka ndio waliopata nafasi. Chabruma wa Wangoni alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, nchi ya Wareno, na huko ndiko mauti yalikomkuta. Kabla yake, mwaka 1899, Machemba wa Wayao naye alikuwa ameuvuka mto huo huo akiwakimbia Wajerumani. (Machemba ndiye yule aliyemwandikia Wissmann kwa Kiswahili, mwaka 1890, kwamba haoni sababu ya kumtii. Twapenda kukumbusha hilo kwa vijana wanaodhani kwamba barua rasmi za Kiswahili zilianza na uhuru.) Nani kati ya Mpogoro wa Mahenge na Khalid wa Unguja alikuwa na kosa la kisiasa? Wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mlango.

Hata hivyo, tusiudharau ule utaratibu wa kutomrejesha mtu wa siasa kwa sababu tu waliouandika walikuwa na nia zao. Kanuni njema huweza kutoka katika kinywa kibaya, na historia ikaigeuza ikamshike aliyeitamka. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, majeshi ya Waingereza yaliingia katika nchi ya Wajerumani na kumkuta Khalid humo. Safari hii hapakuwa na mkataba wa kubishania. Walimkamata, wakampeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli na St. Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Wakati huo huo Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye maofisa wake walimfungulia Khalid bustani, alikuwa naye amekimbia. Alivuka mpaka mwezi Novemba 1918 akaingia Uholanzi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulisema atashtakiwa mbele ya mahakama ya mataifa yaliyoshinda. Wakamdai kwa Waholanzi. Waholanzi wakakataa mwezi Januari 1920, wakisema kwamba desturi ya nchi yao ni kuwahifadhi walioshindwa katika mapambano ya siasa, na kwamba kosa analoshtakiwa halimo katika sheria zao. Kaisari akaishi Doorn kwa raha zake hadi alipokufa mwaka 1941. Kanuni iliyomvusha Khalid hadi Dar es Salaam ndiyo iliyomlaza Kaisari kitandani kwake.

Na mkataba huo huo wa Versailles, uliomkosa Kaisari mzima, uliamuru katika kifungu cha 246 kwamba Ujerumani ikabidhi kwa Serikali ya Uingereza fuvu la kichwa cha Mkwawa, na kwamba ifanye hivyo katika muda wa miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Twining alilipeleka Kalenga mwezi Juni 1954 na kumkabidhi Chifu Adam Sapi. Sisi hatukumbuki mfano mwingine wa mataifa makubwa kuandikiana mkataba wa kurejeshewa mtu ambaye walikuwa wamekwisha kumkata kichwa. Aliye hai alihifadhiwa, na aliyekufa ndiye aliyerejeshwa.

Basi huo ndio urithi tulioupokea. Je, tulifanya nao nini?

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika haitaibeba mikataba yote ya Mwingereza kama mtoto abebavyo madeni ya baba. Mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tu, kwa masharti ya kutendeana sawa, na katika muda huo Serikali ingezungumza na kila nchi ni upi ubaki na upi ufe. Msimamo huo ulisifiwa na kuigwa na mataifa mengine yaliyopata uhuru baadaye, nasi twajivunia. Mwaka 1965 Bunge likatunga sheria yetu wenyewe ya kurejeshana wahalifu, ambayo sasa ni Sura ya 368 ya sheria za nchi. Sheria hiyo yataka ombi lipitie kwa Waziri, mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu, ushahidi utazamwe, na apewe nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kabla hajavushwa. Nayo imekataza kumtoa mtu ambaye kosa lake ni la kisiasa. Hayo yote ni mema. Lakini si kila kitu cha zamani kilichozikwa: kati yetu na Marekani, kwa mfano, mkataba unaotegemewa hadi leo ni ule uliotiwa saini London mwezi Desemba 1931 kati ya Marekani na Mwingereza, sisi tukiwa hatujaulizwa.

Na sheria iliyoandikwa vizuri haikuzuia tusijikwae. Twajua kwamba tunagusa mahali panapouma, hasa kwa wasomaji wetu wa Visiwani, lakini gazeti linalonyamaza mahali panapouma halina kazi. Mwaka 1969 Abdullah Kassim Hanga na Othman Shariff, watu waliokuwa wameshika nyadhifa za juu katika Zanzibar na katika Jamhuri ya Muungano, walitolewa Bara wakapelekwa Unguja. Hawakurudi hai. Hapakuwa na hakimu aliyeusikiliza ushahidi kwanza, kwa hoja kwamba kati ya Bara na Visiwani hakuna mpaka wa mataifa, basi hakuna haja ya utaratibu wa mataifa. Ni kweli kwamba ni nchi moja. Lakini mahakama hazikuwa moja, na sheria za jinai hazikuwa moja, na mtu aliyepelekwa kutoka mahakama za aina moja kwenda za aina nyingine alikuwa amevuka mpaka hata kama ramani haikuuonyesha.

Miaka mitatu baadaye, Rais Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Serikali ya Visiwani iliwadai watuhumiwa waliokuwa kizuizini Bara, miongoni mwao Abdulrahman Babu. Safari hii Mwalimu alikataa. Mahakama za Wananchi za Zanzibar za wakati ule hazikumruhusu mshtakiwa kuwa na wakili, na adhabu iliyowasubiri ilikuwa ni kifo. Babu alishtakiwa bila ya kuwapo, akahukumiwa kifo bila ya kuwapo, na akaendelea kukaa gerezani Bara hadi mwaka 1978 alipoachiliwa. Wapo waliolaumu kwamba kukataa huko kuliidharau Zanzibar. Wapo waliolaumu, na twadhani walikuwa na haki zaidi, kwamba kumweka mtu kizuizini miaka sita bila ya kumfikisha katika mahakama yoyote ya Bara si hifadhi bali ni kifungo cha aina nyingine. Sisi twasema kwamba kukataa kulikuwa sahihi, na kizuizini kulikuwa kosa. Khalid alivuka mlango wa bustani akawa huru upande wa pili. Babu aliokolewa na kamba akafungwa na mnyororo.

Kisha mwaka 1983. Askari wa anga wa Kenya, Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio la kuipindua Serikali ya nchi yake tarehe 1 Agosti 1982, alikuwa amekimbilia Dar es Salaam kwa ndege pamoja na mwenzake Pancras Oteyo Okumu. Wakati uhusiano wa Kenya na Tanzania ulipokuwa ukitengenezwa na mpaka kufunguliwa tena, wakarudishwa Kenya. Na sisi tukapokea kutoka Kenya watu wetu tuliokuwa tukiwatafuta kwa njama ya kupindua Serikali hapa. Ochuka na Okumu walinyongwa mwaka 1987. Hatuna machozi ya kuwalilia wanaochukua bunduki kupindua serikali. Lakini mtu ataitaje kosa la kupindua serikali, kama si la kisiasa? Kanuni iliwekwa pembeni kwa kuwa majirani walitaka kupatana. Wajerumani wa mwaka 1896 waliitii kanuni kwa kuwa iliwafaa, na wenye mamlaka wa mwaka 1983 waliiacha kwa kuwa kuiacha kuliwafaa. Mizani ni ile ile, isipokuwa mkono mwingine ndio ulioishika.

Leo hatari imechukua sura mbaya zaidi, kwa sababu hata ule usumbufu wa kujadiliana na balozi unarukwa. Tarehe 16 Novemba 2024 mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Dakta Kizza Besigye, alichukuliwa Nairobi, na baada ya siku chache akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Hapakuwa na ombi lililosomwa mahakamani Kenya, wala hakimu wa Kenya aliyeulizwa. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya rufani ya Uganda ilisema kwamba raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi, lakini mtu alikuwa amekwisha kuvushwa. Yaliyotokea kwa jirani leo huweza kutokea kwetu kesho, na wako wanaolalamika kwamba yamekwisha kutokea. Gari linalokuja usiku bila ya namba ni baya kuliko ule ubishi wa mwaka 1896, kwa kuwa Waingereza wale, pamoja na mizinga yao yote, walikaa nje ya ua wa ubalozi zaidi ya mwezi na hawakuuruka.

Wapo maofisa watakaosema kwamba tunawatetea wahalifu. Basi turudi Ifakara. Tangu reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975, bonde la Kilombero limeungwa na Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia. Tuseme karani wa chama cha wakulima wa miwa amekusanya fedha za msimu mzima akatoweka nazo, na habari zikaja kwamba ameonekana Lusaka. Mkulima wa Kidatu au wa Mang'ula aliyeibiwa ana haki ya kumwona karani huyo akirudishwa kujibu. Siasa haimo hapo. Ombi likiandikwa vizuri, ushahidi ukiambatanishwa, na mahakama ya Zambia ikaridhika, basi arudi. Nasi tukiombwa na Zambia mwizi wa aina hiyo aliyejificha Mlimba, tumtoe bila ya kusitasita. Nchi inayowahifadhi wezi kwa jina la wakimbizi inawaibia maskini wake na wa jirani yake.

Lakini karani huyo hurejeshwa polepole, au harejeshwi kabisa, kwa sababu polisi wa wilaya hajui ombi laandikwaje, na mkulima hajui kama kuna sheria. Wakati huo huo mtu wa siasa huvushwa usiku mmoja. Penye fedha za maskini utaratibu hutambaa kama kobe, na penye woga wa wakubwa hupaa kama mwewe. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Twaiomba Serikali ifanye mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Ichapishe kwa Kiswahili orodha ya mikataba yote ya kurejeshana wahalifu inayotufunga leo, pamoja na ile iliyotiwa saini na Mwingereza kabla ya uhuru wetu, na iseme ni ipi inayokusudia kuibadili. Itangaze kila mwaka ni watu wangapi wameombwa, wangapi wametolewa na wangapi wamekataliwa, bila ya kutaja majina pale ambapo kesi bado inaendelea. Waziri anapotia saini hati ya kumtoa mtu, aandike sababu, na sababu hizo zisomwe katika mahakama ya wazi. Ofisa yeyote atakayemvusha mtu mpakani bila ya hati hiyo, au atakayempokea aliyevushwa hivyo, ashtakiwe kwa utekaji, hata kama ameagizwa. Na kati ya Bara na Visiwani, ambako mahakama za jinai bado ni mbili, isitoshe hati ya polisi peke yake: hakimu wa mahali mtu alipokamatwa amwone kwanza kwa macho yake, na amwulize kama ana la kusema, kabla hajapandishwa kwenye boti.

Orodha hiyo ikichapishwa, twaomba nakala moja iwekwe katika maktaba ya Unguja na nyingine ya Pemba, na nyingine ipelekwe mahakama ya wilaya ya Ifakara, mahali ambapo mkulima aliyeibiwa anaweza kuisoma bila ya kumwomba mtu ruhusa.